Kipimo cha Fundi Barafu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Barafu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwita kwa jina la wazazi aligeuka polepole, kama mtu aliyeitwa na polisi. Ukisema Barafu, ameshashika bisibisi. Friji iliyogoma, friza ya buchani inayovuja maji, chumba cha baridi cha wauza samaki kilichoanza kutoa harufu, hayo yote yalikuwa mambo yake. Alikuwa na pikipiki, na nyuma ya pikipiki amefunga boksi la bluu la kutunzia baridi, kwa sababu mara nyingi akifika kwa mteja ilibidi kwanza aokoe vilivyomo ndani ya friji ndipo aiokoe friji yenyewe. Dawa za duka la dawa, maziwa ya mgahawa, siku moja hata shada la maua la bibi harusi, vyote vilisafiri ndani ya boksi lile na vyote vilitoka salama.

Alikuwa na imani moja duniani, na aliihubiri bila kuombwa. Kila kinachoharibika kimeharibiwa na joto. Nyama ni joto, maziwa ni joto, hata watu wakigombana ndani ya nyumba chanzo ni joto. Wape feni nzuri uone kama hawatapatana. Wateja walicheka wakamlipa. Na alikuwa na neno lake moja, "najua". Mteja akifungua mdomo kueleza kwamba friji inaunguruma halafu inakata, Fundi anasema najua. Mteja akisema imeanza tangu juzi, najua. Mara tisa katika kumi alikuwa anajua kweli, na jamani, hakuna kinachomharibu mtu kama kupatia mara tisa.

Nyumbani alikuwa na mke, mwalimu wa udereva. Mwanamke mtulivu, mwenye macho ya kuona nyuma bila kugeuza shingo, ambaye kutwa alikaa kiti cha abiria na breki ya pili chini ya mguu wake, akiwaambia watu wazima wanaotetemeka kwamba klachi haiumi. Hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele, hata siku ile mwanafunzi wake mmoja alipopanda ukuta wa benki. Walikuwa katika mwaka wa sita wa ndoa, wanapendana vizuri tu, na mtoto alikuwa hajaja.

Mke alienda hospitali. Akatolewa damu, akapigwa picha, akalazwa chali juu ya kitanda cha chuma akapitishwa dawa ya kuangalia mirija, na aliporudi siku hiyo alitembea ameinama kidogo akasema si kitu. Kila kipimo jibu lilikuwa lile lile: mama, kwako hatuoni tatizo, mlete mwenzio. Akirudi anamwambia mumewe. Mumewe anasema wiki ijayo. Wiki ijayo kuna friza ya buchani. Wiki inayofuata kuna friza nyingine. Fundi aliyekagua kila kitu kinachounguruma katika mji ule hakuwa na nafasi ya kujikagua mwenyewe. Mganga hajigangi, wanasema, na huyu hata kwa mganga mwingine hakutaka kwenda.

Alikuwa anaogopa. Hakuna haja ya kumpamba. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiinuka kutoka nyuma ya friji, akijifuta mikono, akiwaambia watu kwamba hii imekufa, tafuteni nyingine. Hakuweza kufikiria mtu mwingine akiinuka na kumwambia yeye hivyo.

Halafu kulikuwa na mama yake mzazi. Mama huyu alikaa mitaa michache kutoka pale, na kila Jumapili mchana alikuja kunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Ukiumwa atakuja na atakesha. Lakini ulimi, loo! Alikuwa akikaa, anakunja khanga yake magotini, anazungumza habari za majirani, halafu katikati ya mazungumzo anachomeka.

"Gari lako hilo la kufundishia lina viti vinne, mwanangu," alimwambia mkwewe Jumapili moja, "na mimi kila likipita nakiona kimoja tu kina mtu wetu."

Mkwe alitabasamu, akammiminia chai. Na mwanamume wa nyumba, je? Mwanamume wa nyumba alikuwa anapuliza chai yake, na chai yenyewe ilikuwa imepoa zamani. Alijua kabisa kwamba mkewe amepimwa akaonekana mzima. Alijua aliyebaki ni yeye. Neno moja tu lingetosha, na alilimeza na chai.

Jioni ile, mama alipoondoka, mke aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayomwambia mwanafunzi akate kushoto, kwamba amemwomba daktari asimwandikie kipimo kingine chochote.

"Na wewe sitakuomba tena," alisema.

Akaenda kulala. Fundi alibaki sebuleni. Angegombezwa angejua la kufanya, angesema ana kazi nyingi, angenuna, yangekwisha. Lakini mwanamke akiacha kukuomba, ujue ameanza kuzoea kuishi bila unachomnyima, na kutoka hapo hadi kuishi bila wewe si mbali. Hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kama ilivyotokea, siku chache baadaye friji ya maabara ya hospitali iligoma, na aliyeitwa ni yeye. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyeupe, harufu ya spiriti, na mashine zinazonong'ona. Nje ya dirisha la kupokelea vipimo kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa wanaume wanne, kila mmoja mkono mfukoni, kila mmoja anaangalia dari kana kwamba dari ile inaonyesha mpira wa miguu. Fundi aliwatambua mara moja, ingawa hakuwahi kuwaona. Walikuwa na uso wake.

Msimamizi wa maabara alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, na wote humo walimwita Mama Maabara. Alimwonyesha friji, akarudi kwenye hadubini yake. Tatizo halikuwa kubwa, feni ya ndani ilikuwa imeganda. Fundi aliifungua huku akitafuta maneno, na maneno aliyoyapata ni yale wanayoyapata wanaume wote: alikuwa na rafiki yake. Rafiki yake huyo, sijui, mkewe hajapata mtoto, na angependa kujua, eti kipimo hiki huwa kinakuwaje.

Mama Maabara hakuinua jicho. Aliuliza huyo rafiki ana umri gani. Fundi akasema kama mimi. Akauliza ameoa siku nyingi? Mwaka wa sita. Akauliza anafanya kazi gani, na hapo Fundi akajifanya hajasikia, akapuliza vumbi kwenye feni.

"Mficha uchi hazai, Fundi," alisema Mama Maabara, akafungua kabati akatoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. "Mpelekee rafiki yako."

Akampa maelekezo waziwazi, bila kupepesa macho, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Rafiki akae siku tatu au nne bila kukutana na mkewe. Anawe mikono. Asitumie sabuni wala mafuta ya aina yoyote katika shughuli yenyewe, maana huua mbegu. Vyote viingie ndani ya kikopo, asimwage cha mwanzo. Akitaka, hapa hospitali kuna chumba. Akiona haya, afanye nyumbani, lakini kikopo kifike kabla saa moja haijapita. Na njiani ahakikishe kisiharibike, akiweke wapi...

"Najua," alisema Fundi. Alikuwa ameshakificha kikopo ndani ya mkoba wa bisibisi, masikio yanawaka moto, na alikuwa mlangoni kabla mama wa watu hajamaliza sentensi. Kisiharibike! Nani angemfundisha yeye namna ya kufanya kitu kisiharibike?

Usiku ule alimwambia mkewe kwamba Alhamisi anakwenda kupimwa. Mke alisema sawa, basi, hakuongeza. Lakini Alhamisi asubuhi Fundi alikuta shati lake jeupe limenyooshwa na kutundikwa mlangoni, shati la harusi na misiba, na akakaa kitandani akaliangalia kwa muda.

Ya chumbani hayasimuliwi. Itoshe kusema kwamba mke alikwenda kazini, mlango ukafungwa, na ikachukua muda kuliko mwenyewe alivyotarajia, maana hofu na shughuli ile haviendi pamoja. Kikopo kilipopata chake, Fundi alirudi kuwa fundi. Alifungua boksi la bluu. Alipanga vipande vya barafu chini, akakisimamisha kikopo katikati, akavipanga vingine pande zote hadi vikakigusa, akakizungushia taulo kisianguke, akatia kipimajoto chake cha kazini. Alisubiri mpaka kikasoma digrii nne, baridi ile ile ya chanjo za watoto, akafunga kifuniko na kukipigapiga kwa upendo. Njiani alikwepa mashimo yote. Alijiambia kwamba tangu hospitali ile ifunguliwe hakuna mwanamume aliyewahi kuleta mzigo huu kwa utaratibu kama wake, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hofu ilimpungua.

Dirishani alikifuta kikopo umande kwa pindo la shati lake la harusi, akakikabidhi. Aliyekipokea alikuwa na watu nyuma, akabandika namba, akakitia kwenye kisanduku cha joto pamoja na vya wenzake. Mama Maabara alipokuja kukichukua kilikuwa vuguvugu kama vingine vyote.

Majibu alipewa kesho yake na daktari kijana aliyekuwa amechoka, foleni imefika mpaka kwenye ngazi. Daktari alisema wingi wa mbegu si mbaya sana, uko chini kidogo. Lakini hazitembei. Hakuna hata moja inayotembea. Wamezipaka rangi ya kuangalia uhai na karibu zote zimekufa.

"Zimekufa," alisema Fundi.

"Ndiyo, ila kipimo kimoja hakitoshi. Inabidi..."

"Najua, daktari," alisema, akasimama, akatoka. Daktari alimwita. Ameshapita ngazi.

Alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Alikumbuka mafriji yote aliyowahi kuyatangaza kufa, na wenye nyumba walivyokuwa wakisimama pale mikono imelegea, na yeye anakusanya vifaa vyake akiharakisha kwa mteja mwingine. Alilia. Alilia na helmeti kichwani, ili watu wasione, ingawa mtu anayetikisika ndani ya helmeti anaonekana vizuri tu.

Mkewe alimkuta sebuleni amekaa kwenye giza la mapazia. Fundi alimwambia yote kwa pumzi moja. Kisha akamwambia lile alilolitunga tangu hospitali: kwamba yeye ni mzima, bado kijana, aende. Hatamzuia wala hatamlaumu. Akapate mtoto na mwanamume mwenye vitu vilivyo hai.

Mke alivua viatu vya kazini, kimoja, kingine.

"Nikiondoka hapa nitaondoka kwa miguu yangu, kwa sababu zangu," alisema. "Sifukuzwi na kikopo."

Halafu akakaa karibu naye, na ikawa zamu yake kulia. Alilia kwa sababu alikuwa amemngoja afanye jambo lile kwa miaka, na sasa amelifanya limeleta hili. Walikaa hivyo bila kuwasha taa. Fundi alimshika mkono na hakupata cha kusema, na kwa mtu yule hilo peke yake lilikuwa jambo jipya.

Jumapili mama alikuja. Chai ikamiminwa. Mama akaanza na habari za majirani, binti wa jirani amejifungua mapacha, sasa watu wengine wanapewa wawili wawili na wengine...

"Mama," alisema Fundi. "Ni mimi."

Kikombe cha mama kikasimama njiani.

"Mkwe wako alishapimwa kila kitu, mzima. Nimepimwa mimi. Mbegu zangu zimekufa. Miaka yote hii ni mimi, na nilikuwa nakaa hapa nakusikia unamsema, nanyamaza. Basi kuanzia leo ukitaka kusema, niseme mimi."

Mama aliweka kikombe chini. Alimwangalia mwanawe, akamwangalia mkwewe, akafungua mdomo, na mdomo uliokuwa haujawahi kukosa la kusema ukafungwa tena. Aliinuka, akajifunga khanga, akatoka bila kuaga, na waliposogeza pazia walimwona akienda upesi upesi, kichwa chini. Mke alikuja nyuma ya kiti cha mumewe, akaweka kidevu chake juu ya utosi wake.

Sasa, Fundi alikuwa na desturi nzuri ya kurudi kukagua kazi yake. Wiki iliyofuata alipita maabara kuangalia ile feni. Mama Maabara alipomwona alivua miwani. Alimuuliza kwa nini hajarudi kurudia kipimo, maana walimtafuta. Fundi akasema hakuna haja, majibu ameyasikia. Mama Maabara akasema jibu lile lilimsumbua tangu siku ile, si la kawaida, mbegu nyingi hivyo halafu zimelala zote kama zimepigwa risasi. Akamuuliza polepole: alitumia sabuni? Hapana. Mafuta? Hapana. Alichelewa njiani? Hapo Fundi alijitutumua kidogo, hata katika msiba wake. Asingechelewa. Na kikopo kilikuwa digrii nne mwanzo mpaka mwisho, barafu pande zote, kipimajoto ndani.

Mama Maabara alimtazama. "Barafu," alisema.

"Kisiharibike."

Yule mama alikaa kwenye kiti. Mabega yalianza kutikisika, akaziba mdomo kwa mkono wenye glavu, akakumbuka glavu imeshika nini, akauondoa upesi, na kicheko kikatoka chote. Alicheka mpaka wenzake wakaja kuchungulia. Aliwafukuza. Alipopata pumzi alisema mbegu hubebwa karibu na mwili, ndani ya shati, zikae kwenye joto la mtu kama zilivyotoka. Hilo ndilo alilokuwa anamwambia siku ile akakatizwa. Zile zilizokuwa hai aliziua mwenyewe, njiani, huku akikwepa mashimo. Halafu akamuuliza mbona anatembea kama mtu aliyebanwa, na Fundi akakiri kwamba ndani ya ovaroli huvaa suruali mbili za sufu za kubana, kwa ajili ya vyumba vya baridi, na hazivui hata akiwa juu ya pikipiki juani.

"Wewe mtu wewe," alisema Mama Maabara. "Kule kunakotaka baridi unakutia joto, na kinachotaka joto unakitia barafu. Rudi baada ya siku nne. Na leo nitamaliza sentensi zangu, utasikiliza."

Alisikiliza. Alisimama pale kama mwanafunzi, na alipotoka aliendesha pikipiki moja kwa moja hadi kiwanja cha mafunzo ya udereva, akamtoa mkewe ndani ya gari mbele ya mwanafunzi aliyekuwa anahangaika na rivasi. Alimweleza akiwa amesimama juani. Mke alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika, kisha akageuka akaegemea bodi ya gari, mgongo kwake. Fundi alidhani analia. Alipomgusa bega ndipo alipoona kwamba anacheka, na ni kicheko ambacho hakikusikika nyumbani kwao siku nyingi.

Siku ya kurudia, mke aliomba ruhusa akamwendesha mwenyewe kwa gari la shule, ubao mwekundu wa mwanafunzi juu ya paa. Kikopo kilikuwa tumboni kwa mumewe, ndani ya shati, kimeshikwa kwa mikono miwili. Ili kuwa na hakika, Fundi aliomba vioo vifungwe na hita iwashwe. Jua la saa nne liko nje, hita ndani, mtu aliyeishi kwa kuhubiri baridi anatiririka jasho hadi kwenye nyusi na kila taa nyekundu anauliza kama hita haiwezi kuongezwa. Mke aliendesha kwa adabu zote za barabarani. Hata alipomsihi apite wakati taa ni ya njano, alisimama.

Mama Maabara mwenyewe ndiye aliyekipokea. Aliwakalisha kwenye benchi, akangoja ute ule uwe majimaji kama inavyotakiwa, akaingia ndani. Wakangoja. Fundi hakuangalia dari, aliangalia mlango.

Mlango ulipofunguliwa, Mama Maabara aliwaita wote wawili. Alimwekea Fundi kiti mbele ya hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho.

Mwanzoni aliona mwanga tu, na kope zake mwenyewe. Kisha Mama Maabara akazungusha gurudumu dogo la pembeni, na duara likajaa. Vilikuwa vidogo, vyenye vichwa na mikia myembamba. Vingine vilikuwa vimelala. Vingine vilizunguka pale pale bila akili. Lakini vingine, wala si vichache, vilikuwa vinakwenda. Vinakata mbele, mkia unapiga, vinapita katikati ya vilivyolala, vinatoka upande huu wa duara na kupotelea upande ule, kama watu waliochelewa kazini. Fundi aliangalia mpaka jicho likatoa machozi, na machozi yenyewe yakamzuia kuona.

"Zinatembea," alisema.

"Zinatembea," alisema Mama Maabara. "Si nyingi kama tunavyopenda, ziko chini ya kiwango kidogo. Vua hizo suruali zako, mrudi wote wawili kwa daktari, na baada ya miezi mitatu tuangalie tena, maana mbegu mpya huchukua karibu muda huo kukomaa. Siwaahidi mtoto, mimi si Mungu. Ila hapa kuna kazi ya kufanya, si mazishi."

Mke naye aliangalia. Alikaa pale muda mrefu, mgongo umenyooka, mikono imeshika meza. Alipoinuka alimwangalia mumewe tu, akamfuta jasho usoni kwa kiganja.

Wakati wa kurudi walifungua vioo. Fundi alikuwa anapiga mluzi, na ilichukua mtaa mzima kuona kwamba mkewe amekaa kimya. Akamuuliza kuna nini.

"Mama utamwambia nini?" alisema mke. "Ukimwambia zako ziko hai, Jumapili inayofuata atanirudia mimi."

Ni kweli, na Fundi aliona ni kweli. Alifikiria. Akasema basi hatamwambia. Mke akasema huo utakuwa uongo. Fundi akasema na uwe uongo, aliujua ukweli miaka yote hii akauficha, na haukumsaidia mtu ila yeye mwenyewe. Mke aliwasha taa ya kukata kulia, akaangalia kioo, akakata. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mama hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile. Jumapili hiyo alikuja. Hakukunja khanga magotini wala hakuleta habari za majirani. Alikaa ncha ya kiti kama mgeni. Fundi alikuwa amejiandaa kunyamaza. Lakini mama alimwomba mkwewe aache birika, akae.

"Kabla ya huyu kuzaliwa," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu, "nilikaa miaka saba. Nikaitwa tasa mezani kwa mama mkwe wangu, chakula mdomoni. Na baba yake huyu amekaa pale pale anakula. Siku hata moja hakusema mwacheni. Nikaapa, nikipata mkwe sitamfanyia hivyo. Nikakufanyia."

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Siku ile huyu aliposema ni yeye, nililia njia nzima mpaka nyumbani. Mtadhani nilimlilia mjukuu. Sikumlilia mjukuu. Nilikuonea wivu, mwanangu. Nilikuonea wivu, mimi mtu mzima."

Mke aliinuka haraka akaenda jikoni, na sauti ya bomba ikafunguliwa. Fundi alianza kuinuka amfuate. Mama akamwambia kaa. Akaenda yeye, taratibu, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

Fundi alibaki peke yake na vikombe vitatu. Alisikia kilio, cha mmoja, halafu cha wawili. Bomba likafungwa. Kisha ikaja sauti ya mkewe, ya chini, inaeleza kitu hatua kwa hatua, kama anavyomweleza mtu anayeshika usukani mara ya kwanza, na ndipo alipofahamu anaeleza nini. Alikuwa anamwambia mama ukweli wote. Alikuwa anamwambia kwamba mumewe si mfu, kwamba kilichokufa kiliuawa na boksi la bluu, na kwamba sasa hakuna anayejua mwenye tatizo ni nani. Kinga yote aliyokuwa nayo alikuwa anaiweka chini mwenyewe, mbele ya mtu aliyemchoma kwa miaka. Fundi alishika mikono ya kiti akangoja.

"Kwenye barafu?" alisema mama kule ndani. "Mwanangu mimi? Kwenye barafu?"

Wakaanza kucheka. Alianza mama, akafuata mkwe, wakawa wanajaribu kunyamaza ili asisikie na kushindwa, wanaanza tena, sufuria ikaanguka, wakaicheka nayo. Miaka sita katika nyumba ile wanawake wale wawili hawakuwahi kucheka kitu kimoja. Fundi Barafu alikaa pale sebuleni wakimcheka, uso umelowa machozi, na hakutaka wanyamaze.